Uzito wa Kinyozi

Kwetu ofisini mtu akikamatwa hakuna anayesema maskini. Tunauliza ana uzito gani. Sifuri ni yule ambaye mzigo hautajua kama yuko ndani au nje: muuza karanga, mwanafunzi, mlevi aliyekutwa amelala mtaroni wakati karandinga la polisi linapita. Tano ni dereva wa kreni, kwa sababu yeye akilala rumande, makontena yote ya bandari kavu yanalala naye. Katikati ya hao wamo madereva wa malori, mawakala wa forodha na wenye funguo za maghala. Kampuni yetu inasafirisha mali za watu walio mbali, na watu hao ghasia zikitokea huku hawaulizi nani kapigwa. Wanauliza mzigo utachelewa kiasi gani. Chumba chetu kinaitwa chumba cha tathmini, na kazi yake ni kuwajibu.

Mimi niko kwenye simu. Kila asubuhi nawapigia watu tunaowaita macho: fundi matairi wa pale mzunguko, mama muuza chai anayetazamana na kituo cha polisi, mlinzi wa ghala la saruji. Nawauliza yale yale. Maduka yamefunguliwa? Watoto wamekwenda shule? Polisi leo wamevaa kofia za kitambaa au zile ngumu? Wakivaa za kitambaa, malori yanatoka. Wakivaa ngumu, malori yanabaki uani na madereva wanacheza karata. Wenzangu wananiita Shangazi, nami nimekubali kuitwa hivyo, ingawa wengi wao nisingewapa hata maji ya kunawa.

Anayegeuza majibu yangu kuwa namba ni kijana mmoja tuliyempachika jina la Rula. Ni mrefu, mwembamba, amenyooka kama aliyemeza kitu kisichokunjika, na ramani anaichora kwa rula hata pale barabara inapopinda. Alikuwa na sifa moja iliyowaudhi watu wote: hakumpendelea mtu. Baba yake binti wa mapokezi alipokamatwa, mzee wa watu muuza magazeti, Rula alimpa sifuri. Kisha akamfuata yule binti pale mezani kwake na kumwambia ana kwa ana, "Sina la kufanya. Namba ni namba." Binti alikwenda kulia chooni. Rula akarudi kwenye kiti chake akachonga penseli.

Namba zake zina kazi nyingine mbali ya kuwatuliza wenye mali. Bosi wetu, ambaye kwa siri tunamwita Bwana Samahani kwa kuwa hakufukuzi kazi kabla ya kukuomba radhi, ana maelewano na mkuu wa kituo cha polisi. Kampuni inatia mafuta kwenye magari ya polisi. Polisi nao, wakizoa watu, wanapokea simu ya Bwana Samahani akiwaombea wale wenye uzito wa nne na wa tano. Hao wanatoka siku hiyo hiyo, wengine hata mikanda hawajavuliwa. Waliobaki wanakaa humo mpaka polisi wachoke nao, na hakuna ajuaye polisi huchoka lini.

Safari hii moto uliwashwa na makuli wa bandari kavu. Viongozi wao walikamatwa wakiwa wanakula, nao wenzao wakagoma kunyanyua hata boksi la sabuni. Jioni vijana wakachoma matairi barabarani. Katika purukushani hiyo makontena mawili yaliyojaa betri za sola yakafunguliwa na kukombwa. Asubuhi tulikuta milango imefungwa vizuri na lakiri, kile chuma kidogo chenye namba ambacho huwezi kufungua kontena bila kukikata. Zilikuwa lakiri mpya, nadhifu, zimewekwa mahali pa zile za zamani. Kwa hiyo mwizi hakuwa kijana wa kurusha mawe. Alikuwa mtu wa ndani, mwenye lakiri zake mfukoni. Polisi walilitia jambo hilo moyoni. Sisi tuliliandika kwenye hasara tukaendelea na kazi, kwa sababu hasara ni namba kama namba nyingine.

Kisha polisi wakazoa mtaa mzima unaopakana na bandari kavu. Walianzia kwenye mashine ya kusaga wakaishia kwenye msikiti, na yeyote aliyekuwa na miguu miwili alipakiwa.

Kesho yake dada yake Rula aliingia ofisini. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilimjua papo hapo kwa ule urefu. Ni fundi cherehani, na shingoni alikuwa bado amening'iniza futi yake ya kupimia, amesahau kuivua. Binti wa mapokezi ndiye aliyemleta hadi chumbani kwetu, jambo ambalo hamfanyii mgeni yeyote. Binti akabaki mlangoni kidogo kuangalia.

"Shikamoo, mama," dada mtu akaniamkia, macho yakiwa kwa mdogo wake.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. "Wamemchukua shemeji yako," akamwambia Rula.

"Alikuwa anafanya nini nje wakati wa fujo?"

"Nje? Alikuwa ndani ya saluni yake anafagia nywele! Wamemtoa na ufagio mkononi. Fundi viatu wa mlango wa pili naye wamemtoa na kiatu cha mteja." Alifungua pochi akatoa pampu ya pumu, akaiweka juu ya ramani. "Hii ameiacha juu ya kabati. Nimeipeleka kituoni. Askari ananiuliza hii nini, nikamwambia dawa ya pumu, ya kuvuta. Unajua kanijibu nini? Eti huku kwetu hakuna vumbi."

Rula aliitazama ile pampu bila kuigusa.

"Wamejazwa humo mpaka wanalala kwa zamu," dada yake akaendelea. "Dirisha lenyewe ni tundu la kupitisha mkono. Unamjua shemeji yako akibanwa kifua. Unamjua vizuri kuliko mtu yeyote, maana ni wewe uliyekuwa unamkimbilia maji ya moto. Mle hatamaliza wiki."

"Nitaulizia."

"Usiulizie. Nyinyi mnatoa watu, mtaa mzima unajua. Yule wakala wa forodha mwenye kitambi aliingia asubuhi, mchana nilimwona anakunywa soda."

"Yule ana uzito wa nne."

"Na mume wangu ana uzito gani?"

Hapo niliinua simu nikajifanya napiga. Sikubonyeza namba yoyote.

"Dada, shemeji ni kinyozi."

"Najua ni kinyozi, mimi ndiye niliyeolewa naye! Nimekuuliza uzito."

"Sifuri," Rula akasema. Alilisema kwa sauti ileile aliyomwambia nayo binti wa mapokezi, na nadhani mwenyewe aliisikia, kwa sababu masikio yalimwiva.

Dada yake akatikisa kichwa taratibu, kama mteja aliyetajiwa bei asiyoitegemea. "Haya. Huyo sifuri alikulaza kwenye benchi la saluni yake miaka yote ya sekondari, wazazi wetu walipotutoka. Huyo sifuri alikuwa anazima redio ili wewe usome, wateja wananung'unika, anawaambia hapa kuna msomi. Mimi sikukumbushi ili unilipe. Nakuambia kwa sababu mtu anakosa hewa na wewe una simu." Akachukua pampu yake akatoka. Binti wa mapokezi akampisha mlangoni kwa adabu zote.

Kikao cha tathmini hukaliwa kabla ya chai. Rula husimama mbele ya ubao na kubandika sumaku, moja kwa kila mtu aliye ndani ambaye mzigo unamhitaji, na Bwana Samahani huketi karibu na feni. Siku hiyo alianza vizuri. Dereva wa kreni, tano. Karani wa mizani, nne. Dereva wa lori la mafuta, tatu, kwa kuwa ana mwenzake wa kupokezana. Halafu akabaki ameshika sumaku moja hewani.

"Na huyo?" Bwana Samahani akauliza.

"Mwingine ni tano pia." Alitaja jina la shemeji yake, jina kamili la kwenye kitambulisho. "Mkaguzi wa lakiri."

"Tuna mkaguzi wa lakiri?"

"Wa mkataba. Lakiri zote za mizigo ya nje zinapita mikononi mwake kabla ya kontena kupewa kibali. Asipokuwepo hakuna kontena linalotoka. Wenye mali wakijua yuko ndani watapata presha."

Nimefanya kazi pale tangu jengo halijapakwa rangi, na sijawahi kusikia cheo hicho. Lakiri zetu zinafungwa na yeyote aliye karibu, hata mfagizi akiombwa. Lakini nilinyamaza. Ningefungua mdomo, Rula angemwaga unga na kinyozi angebaki palepale, na sikuona nani angefaidika. Tena nisiwe mnafiki: nilikuwa na hamu ya kumwona mtu aliyenyooka namna ile anavyopinda. Alipinda vizuri. Uongo wake ulikuwa na maelezo ya kutosha, na aliutoa bila kukohoa.

Bwana Samahani alipiga simu hapo hapo, akaweka sauti ya wote kusikia, maana hupenda tuone anavyoheshimiwa. Mkuu wa kituo ana sauti laini, ya mtu anayebembeleza mtoto alale.

"Dereva wa kreni mtampata mchana," akasema. "Karani pia. Na huyo mwingine mmesema anafanya nini?"

"Ni mkaguzi wetu wa lakiri, mkuu. Bila yeye tumekwama kabisa."

Upande wa pili tulisikia kiti kikisogezwa.

"Wa lakiri," akarudia. "Ajabu. Sisi alituambia ni kinyozi."

Bwana Samahani akacheka. "Labda aliogopa, mkuu."

"Labda. Kuna watu waoga sana. Basi tunawashukuru mno kwa kutufahamisha."

Simu ikakatwa. Bwana Samahani akatugeukia akiwa ameridhika, akasema mnaona, yule ni muungwana. Mimi nilimtazama Rula. Alikuwa bado amesimama mbele ya ubao, na damu ilikuwa imemtoka usoni. Miaka yote hiyo alikuwa akiwapima watu kwa upande mmoja tu, kwamba mzigo utaumia vipi mtu akiwa ndani. Hakuwa amezoea kuwaza kwamba mzigo nao unaweza kumuumiza mtu. Wiki ile ya betri zilizoibwa, kati ya kazi zote zilizoko duniani, alikuwa amemchagulia shemeji yake hiyo ya lakiri.

Mchana dereva wa kreni alitoka. Karani wa mizani alitoka, akaja ofisini kushukuru na kuomba ruhusa ya kwenda kuoga. Kinyozi hakutoka. Dada yake Rula alipiga simu ofisini, nikapokea mimi.

"Mama, samahani kwa usumbufu. Mdogo wangu amefanikiwa?"

"Amempa uzito wa tano," nikamwambia, kwa kuwa hilo lilikuwa kweli.

Alipiga kigelegele hukohuko kwenye simu. Nilimsikia akiwaambia majirani: tano, jamani, sawa na dereva wa kreni! Mtu mmoja akauliza tano ndiyo kubwa au ndogo. Akajibu kwa maringo kwamba ndiyo ya mwisho, juu yake hakuna. Rula alikuwa amekaa mbele yangu anasikia kila kitu. Nilimsogezea mkonga wa simu azungumze na dada yake, akakataa kwa kichwa.

Kesho yake alijitia moyo akaingia kwa bosi. Mlango wa Bwana Samahani haufungi vizuri, na mimi meza yangu iko ukutani kwake, kwa hiyo sikuhitaji hata kunyanyuka.

"Bosi, yule mtu si mkaguzi. Ni kinyozi. Ni mume wa dada yangu. Nilidanganya ili atoke, ana pumu."

Bwana Samahani hakukasirika. Ningemwelewa kama angekasirika.

"Samahani sana, kijana wangu," akasema. "Familia ni kitu kizito, nakuelewa. Lakini hebu tazama na upande wangu. Wenye betri wananiuliza tangu juzi, nani alifungua makontena. Nilikuwa sina la kuwaambia. Jana usiku nimewaambia kwamba polisi wanamhoji mkaguzi wa lakiri, na wametulia. Hawajahamisha mizigo yao kwa kampuni nyingine. Unajua watu wangapi hapa wangekosa kazi?"

"Lakini mkaguzi wa lakiri hayupo."

"Yupo. Wewe ndiye uliyeniambia, mbele ya mashahidi."

"Nitakwenda kituoni mwenyewe. Nitawaambia ukweli."

"Nenda. Sikukatazi." Nilisikia akimimina maji kwenye glasi. "Ila fikiria watakachokuuliza. Watauliza kwa nini mfanyakazi wa kampuni, mwenye ramani zote na anayejua kila kontena lina nini, alimtungia ndugu yake kazi ya lakiri wiki ileile lakiri zilipobadilishwa. Wanatafuta mtu wa ndani. Kinyozi si mtu wa ndani, hilo watalijua siku moja. Wewe je? Samahani, lakini nisipokuambia mimi atakuambia nani?"

Rula alitoka humo akiwa kama nguo iliyokamuliwa. Hata hivyo alikwenda kituoni, hilo nampa haki yake. Alichukua koti, akapita mapokezi, na baada ya chakula cha mchana akarudi. Nilimuuliza imekuwaje. Kwa kawaida hanijibu maswali ya namna hiyo, siku hiyo alijibu.

"Niliwaambia ni kinyozi. Wakacheka. Askari wa zamu akasema, jana kampuni inapiga simu kwamba huyu ni mtu mzito, leo inamtuma mtu kusema ni kinyozi. Akasema inaelekea ni mzito kweli, maana hata kampuni yenyewe inaogopa atakachosema."

"Ukamwambia ulitunga wewe?"

Akachukua penseli akaanza kuichonga.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Aliniuliza nani alisema ni mkaguzi wa lakiri," Rula akasema. "Nikamjibu sijui."

Nilirudi kwenye simu zangu. Fundi matairi alisema maduka yameanza kufunguliwa. Mlinzi wa ghala alisema watoto wamepita na sare. Barabara zote tatu za bandari kavu Rula akazipaka njano kwenye ramani, rangi ya kupita kwa tahadhari, na malori yakaanza kutoka uani, moja moja, bila haraka. Wenye mali wakatuandikia kutupongeza kwa tathmini makini katika kipindi kigumu. Bwana Samahani akausoma ujumbe huo kwa sauti, akatuagizia soda. Ya Rula ilibaki mezani mpaka ikapoteza gesi.

Dada yake aliendelea kupiga simu kila siku, na kila siku nilimwambia mambo yanashughulikiwa. Alikuwa anapeleka chakula kituoni asubuhi, sahani inarudi tupu, hajui nani anakula. Pampu walikuwa bado wanaikataa. Bado alijisifu kwa mdogo wake. Aliniambia wanawake wengine wenye waume ndani wanamfuata cherehanini kumwomba awasemee waume zao kwa Rula, angalau wapewe mbili au tatu.

Siku polisi walipochoka, mama muuza chai ndiye aliyenipigia kabla sijampigia. "Shangazi, leo kofia za kitambaa," akasema. "Na wanatoa watu. Wametoa wengi, njia nzima imejaa."

Nilimwambia Rula. Alisimama akavaa koti, akakaa, akasimama tena. Nikaona nisipokwenda naye hatafika. Tulikwenda kwa miguu, maana si mbali, na njiani aliuliza tu kama nilisikia wametolewa wote au baadhi.

Kwa mama muuza chai kulikuwa kama stendi. Watu walikuwa wamekumbatiana, wengine wanakunywa chai kwa kelele, mwanafunzi mmoja amekaa chini analia huku mama yake anamkagua meno. Mlevi wa mtaroni alikuwepo, ametoka, anaomba sigara. Dada yake Rula alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho na nguo safi za mumewe zimekunjwa mapajani. Alipotuona aliinuka akamshika mdogo wake mikono yote miwili.

"Wangu bado hajatoka," akasema. "Nadhani wa tano wanatolewa kivyao, kwa heshima. Si ndiyo?"

Pembeni ya dada mtu alikuwa amekaa fundi viatu wa mlango wa pili, yule aliyekamatwa na kiatu cha mteja. Jicho moja lilikuwa limefumba. Alikuwa akipuliza chai yake, na alipomwona Rula akaacha kupuliza.

"Mwambie na yeye ulichokuwa unaniambia," dada mtu akamwambia fundi. "Sikukuelewa vizuri. Mwambie, yeye ndiye anajua mambo ya hiyo kampuni."

Fundi viatu akatazama kikombe chake. "Leo asubuhi wametuita mmoja mmoja. Unataja kazi yako, unaondoka. Fundi viatu, toka. Muuza karanga, toka. Huyu mlevi kasema hana kazi, wakamwambia toka. Shemeji yako naye kasema kinyozi. Wakampiga."

"Kwa sababu gani?" dada yake Rula akauliza, ingawa ilionekana alishaambiwa.

"Kwa kusema uongo. Ndivyo wanavyosema. Tangu siku ya pili wanampiga kwa hilo. Wanasema kampuni yenyewe imethibitisha kwamba ni mkubwa wa lakiri. Wanamuuliza lakiri mpya alizitoa wapi, alimpa nani, betri ziko wapi. Anawaambia hajui. Wanampiga. Mara moja akaona bora atunge, akasema alizinunua sokoni. Wakamuuliza soko lipi, duka la nani. Akakosa jina la kutaja, wakampiga kwa hilo nalo." Akanywa chai kidogo. "Siku moja aliniuliza mimi. Kifua kimembana, maneno yanatoka moja moja. Akaniambia, fundi, wewe umewahi kupeleka viatu kule bandari kavu, hivi lakiri ni kitu gani? Nikamwambia labda ni aina ya kufuli. Akaenda kuwaambia ni kufuli."

Fundi akarudi kupuliza chai yake.

Nilitegemea dada yake Rula apige kelele, au amrukie mtu. Hakufanya hivyo. Alizikunja upya zile nguo zilizokuwa zimekunjwa tayari, akaziweka pembeni. Kisha akamvuta mdogo wake akae karibu naye, akamsogelea sikioni. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa upande wa pili nilisikia kila neno.

"Sikiliza. Askari wa chakula wa leo nimemzoea, anapitisha maneno ukimwomba vizuri. Niambie shemeji yako anatakiwa ajibu nini. Lakiri zinatengenezwa wapi, zinaletwa na nani, mkaguzi anazipokea vipi, anaziweka wapi. Yote. Nieleze polepole nishike, mimi si msomi kama wewe, lakini nikirudia mara mbili nakumbuka. Akiwajibu kama mtu anayejua, wataacha kumpiga."

Rula alinitazama. Mimi niliangalia barabara, ambako lori letu moja lilikuwa linapita bila kuzuiwa na mtu.

"Dada," akasema.

"Nakusikiliza."

"Kazi hiyo haipo. Niliitunga mimi."

Dada yake hakunyanyua kichwa. Alibaki amemwinamia vilevile, sikio limeelekezwa kwake, anasubiri aendelee.